Magogo Yako Tumeyahamisha, Papa Éliézer

Mwaka umetimia, Papa Éliézer Numbi, tangu mvua za kwanza za Novemba zilipokukuta kitandani hospitalini badala ya mlimani. Nesi alidhani unaweweseka ulipojaribu kushuka kitandani. Sisi tulijua. Ulikuwa umesikia matone kwenye mabati, na mvua ikinyesha wewe una kazi: kwenda kuangalia maji yanapita wapi.

Wapo watakaosoma tangazo hili la kumbukumbu bila kukujua, kwa hiyo turuhusu tuwaambie kidogo. Ulikuwa mtu wa reli. Maisha yako yote ulitembea kwa miguu juu ya njia ya treni ya kwenda Kabalo, ukikagua kama kuna boliti iliyolegea au jiwe lililoanguka. Ulipopata pensheni, wenzako walinunua viti vya kukalia barazani. Wewe ulinunua jembe. Siku hiyo hiyo ulipanda mlima Kasolo, nyuma ya mtaa wetu, kwa kijia cha mbuzi na cha akina mama wanaoteremka na unga kutoka mashamba ya juu. Ulirudi una matope hadi magotini, ukamwambia mkeo, Mama Léontine, kwamba kule juu ziwa linaonekana lote, na kwamba ni aibu mji mzima kuwa na mlima usio na njia.

Mama alikuuliza kama umekula. Hukumsikia.

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyoanza. Kwanza alikuja Bertin, nesi wa zahanati. Kisha waimbaji wa kwaya, walimu, wafanyakazi wa bandari. Walikuja kutembea tu: kuondoka asubuhi na mkate na ndagala za kukaanga, kula kwenye mgongo wa mlima, kushuka kabla ya jioni. Wewe uliwapa sharti lako, kwamba hakuna anayepanda mikono mitupu. Huyu anabeba panga la kufyeka majani, yule jembe la kuchimba rigole ili maji yatoke njiani. Wengi walinuna. Jumamosi iliyofuata walirudi na mapanga yao wenyewe, yamenolewa.

Mtu akisema "tunaenda salongo", ile kazi ya umma ya lazima, ulikuwa unasimama palepale.

"Hapana kuita salongo," ulisema. "Salongo njo ile walikuwa wanatulazimisha. Hapa muntu anakuya sababu anapenda."

Mtaani waliuliza ni ONG gani, shirika gani la misaada, inawalipa. Ulicheka sana. Na siku ile wajanja fulani walipofunga kamba kukata njia, kila anayepita atoe kitu, kama tunavyofanyiwa kwenye barabara zetu zote, hukugombana nao. Uliikata kamba kwa panga, ukaikunja vizuri, ukawarudishia mikononi pamoja na jembe moja. Mmoja wao anaimba kwaya sasa.

Tunakumbuka ulivyowangojea wa nyuma. Hukumwambia mtu "harakisha" hata mara moja. Ulipoona mtu amechoka na anaona haya, uliinama kufunga kamba za viatu mpaka akufikie. Ulivaa buti za mpira, Papa. Hazina kamba. Hakuna aliyethubutu kukuambia.

Tunakumbuka matunda ya masuku uliyomletea Mama mfukoni kila msimu, nusu yakiwa yamepondeka. Tunakumbuka sauti yako ukisimulia, na bukari, ugali wetu, ikipoa mbele yako, jinsi mvua ikishapita hewa inavyosafika na milima ya Tanzania inavyotokea ng'ambo. Ulikuwa mtu mwema, na mtaa mzima unalijua hilo. Sasa tuseme na lile jingine: ulikuwa mbishi, mbishi wa kupindukia, na tangazo hili lisingekuwa la kweli tukilificha.

Karibu na kilele, pale mlima unaposimama kabisa na udongo ni mwekundu wa kuteleza, uliamua kujenga ngazi. Ulikata magogo ya mikaratusi, ukayalaza kukatiza njia, moja juu ya jingine, ukayapigia vigingi. Kazi ilikuwa nzuri ya kutazama. Ila uliyapanga kwa hatua yako, na hatua yako ilikuwa ya reli. Kwa muda mrefu mno miguu yako ilikuwa imekanyaga mataruma, ile miti inayolala chini ya vyuma na ambayo ninyi mnaiita traverse, mpaka haikujua tena kukanyaga kwa namna nyingine. Gogo hadi gogo kulikuwa na urefu uleule wa traverse hadi traverse. Wewe ulipanda umefumba macho. Wengine sote tulipanda kama watu wanaocheza ngoma wasiyoijua: hatua moja ilikuwa haifiki, mbili zilikuwa nyingi.

"Papa Éliézer," Bertin alikuambia, "hii hatua ni murefu kwa ba mama."

"Reli ya Kabalo nimeitembea kwa hii hatua," ulijibu. "Haikuangusha muntu."

Mama Léontine alikuwa anasonga bukari uani. Hakugeuka hata kugeuka.

"Sababu hakuna mama mwenye kutembea pa reli na beseni pa kichwa!"

Yeye alikuwa amejaribu mara moja, na goti lake lile bovu. Aliishia magogo ya mwanzo, akageuka. "Ile ngazi ni ya train," alisema. "Nitapanda siku mutanifunga nyuma ya locomotive." Sisi tulicheka mpaka machozi. Wewe ulicheka pia, lakini jioni hiyo hukumaliza chakula, na magogo hukuyagusa.

Kisha ukatutoka. Kwenye matanga Bertin alisimama mbele ya watu wote, akasema kwamba watembezi wa Jumamosi wameapa: magogo ya Papa Éliézer hayataguswa na mtu yeyote. Mwanao Michée, aliyefika kutoka Kabalo, alilia kwa sauti. Chancelle, binti yako, alipiga makofi. Sote tulipiga makofi.

Huyo Chancelle ndiye tunayetaka kukueleza habari zake, maana tangu uondoke hajakaa. Si maneno ya kusema tu. Anakula amesimama. Anaanza kufagia uwanja, anaacha ufagio katikati, anakwenda kufungua dirisha ambalo tayari liko wazi. Ofisini, bironi kwake bandarini, wamemhamishia meza karibu na mlango kwa sababu alikuwa anawakanyaga wenzake kila anapotoka. Mama alimwambia zaidi ya mara moja, "Chancelle, ikala, unanizungusha kichwa," naye alijibu kwamba amekaa, huku akitoka nje.

Mlimani tu ndiko alikotulia kidogo. Kila Jumamosi alipanda na kundi, na alipofika kwenye ngazi yako alipunguza mwendo. Alijua kwamba pale, na pale tu duniani, anaweza kuweka mguu mahali hasa ulipoweka wako. Alihesabu hilo kuwa urithi wake. Hakumwambia mtu.

Na kwa kuwa alikanyaga polepole, yeye ndiye aliyeona kwanza. Magogo yalikuwa safi mno. Watembezi walikuwa wanayafagia kama kaburi, lakini matope ya miguu hayakuwepo juu yake. Akina mama wa unga walikuwa wameyaacha. Walipita pembeni, kwenye majani, majani yakafa, na mvua ya kwanza ikaona hapo njia iliyo rahisi kuliko rigole zako. Ulitufundisha mwenyewe maji yalivyo. Katikati ya masika pembeni palikuwa na ufa wa kuingia mkono. Mwisho wa masika uliingia mguu hadi gotini, na ncha za magogo yako zilikuwa zinaning'inia hewani.

Chancelle alimwonyesha Bertin. Bertin aliutazama ule ufa.

"Tuliapa, Dada," alisema.

Naye Chancelle akageuka kushuka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aliogopa. Kuyang'oa magogo yale kulikuwa kwake sawa na kukuzika mara ya pili, na mara hii kwa mikono yake. Kuyaacha kulikuwa ni kuiacha njia yako ife, na siku moja imuue mtu. Alizunguka na jambo hilo kiangazi kizima, nyumbani, bironi, bandarini kati ya magunia, na halikumwacha alale vizuri.

Mnamo Septemba mwisho, kabla ya mvua kukolea, Séraphine alianguka. Unamkumbuka Séraphine, yule mama mnene mcheshi wa mashamba ya juu, anayeshuka na beseni la unga kila siku ya soko. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha. Alipita pembeni, ukingo wa ule ufa ukamega chini yake, na mkono ukavunjika juu ya kiganja. Bertin alimfunga plasta. Siku chache baadaye tulimwona anaingia uani kwetu, mkono kifuani, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Mama Léontine," alisema, na hakutaka kukaa, "nakuya kuomba pardon. Nilikanyaga pembeni ya kazi ya marehemu, nikabomoa udongo yake."

Mama alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Weye njo umevunjika mukono, na weye njo unaomba pardon?"

"Bantu wanasema ni kazi ya marehemu, haiguswe. Na miye, na beseni, siwezi kuifikia. Hatua yake inanishinda."

Chancelle alikuwa mlangoni, sahani mkononi. Aliiweka chini mavumbini, chakula na vyote, akatoka hadi barabarani, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu Mama alimfuata kwa macho tu na hakumwambia akae.

Jumamosi iliyofuata alipanda kabla ya wengine, peke yake, na sururu yako. Alianza na gogo la chini kabisa. Lilikuwa limeshika ardhi kweli kweli, ulikuwa hujui kufanya kazi nusu. Lilipong'oka liliacha umbo lake udongoni, laini, na Chancelle alilia, si kilio cha huzuni bali cha hasira, akikulaumu kwa jina huku akipiga kigingi cha pili. Alikuita mbishi. Alikuita mengine ambayo hatuyaandiki hapa.

Bertin na kundi walimkuta hivyo.

"Dada Chancelle!" Bertin alipaza sauti. "Unamufukua Papa?"

"Papa iko pa makaburi," alisema bila kunyanyua kichwa. "Hapa iko miti. Na ile miti inavunja ba mama mikono."

Baadhi waligeuka palepale wakashuka, wakisema hawatashiriki jambo kama hilo. Waliobaki walisimama hawajui waweke wapi macho. Bertin alitoa simu akampigia Michée, na kutoka Kabalo sauti ya kaka yake Chancelle ilisikika hata bila simu kuwekwa spika: "Asiguse tena! Nakuya!"

Treni ilifika siku iliyopenda yenyewe, unaijua. Michée alishuka nayo akiwa amechemka tangu njiani, hata salamu ya Mama aliijibu akitembea. Alikwenda moja kwa moja mlimani, Chancelle na Bertin na wengine nyuma yake. Na ndiyo, Papa, yeye naye ni mtu wa reli, miguu ni ileile. Alipanda magogo yaliyobaki mbiombio, akageuka juu, mikono kiunoni.

"Munaona? Iko na shida gani? Miye napanda bule!"

Chancelle hakubishana. Alikuwa amebeba beseni la Séraphine, lililobaki kwetu tangu siku alipoanguka, amelijaza unga wa nyumbani. Alimngojea ashuke, akaliweka juu ya kichwa chake.

"Panda sasa."

Michée alitaka kulitoa, lakini watu walikuwa wanamtazama. Akapiga moyo konde. Gogo la kwanza alilipata. La pili alilipata kwa bahati. La tatu mguu ulilitafuta hewani, haukuliona, naye akafanya kosa ambalo hakuna mama wa mashamba ya juu anayelifanya: akatazama chini. Unga wote ulimmwagikia usoni, shingoni, hadi ndani ya shati. Kisha Bertin akaangua kicheko mpaka akaketi chini, na wote wakamfuata. Kilikuwa kicheko cha kwanza kule juu tangu ulipoondoka.

Michée hakucheka. Alijipangusa macho kwa kiganja, taratibu.

"Papa hakubebaka beseni," alisema mwishowe.

"Hakubebaka," Chancelle alijibu. "Na weye pia. Na miye pia. Njo maana tulipiga makofi pa matanga."

Michée, mweupe wote, alilitazama lile gogo lililomshinda. Kisha akanyoosha mkono aombe sururu. Jioni Mama aliuliza unga wake uko wapi, na hakuridhika na jibu.

Ilibaki kujua tunapanga upya kwa hatua ya nani. Bertin alitaka mita. Michée alitaka tugawe hatua yako mara mbili. Chancelle, aliyekuwa anazunguka uwanja huku wakibishana, alisimama mbele ya Mama Léontine aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, simama. Tembea mpaka pa mlango, na beseni."

"Ya nini?"

"Tunapima hatua yako."

"Munanipimia sanduku?" Mama alisema. "Miye bado!"

Lakini alisimama. Uwanja ulikuwa na unyevu, na nyayo zilibaki: fupi, moja imegeuka kidogo kwa sababu ya goti. Michée alikata fito kwa urefu wa kisigino hadi kisigino. "Kama Mama anapita, Séraphine anapita," alisema Bertin, na ubishi ukaisha. Tulikuwa tumeishi na hatua zile nyumba moja miaka yote, na hakuna aliyewahi kuzitazama.

Kazi ilitumalizia Oktoba yote. Waliokasirika walirudi mmoja mmoja, na mapanga yao. Ufa tuliujaza mawe na matawi. Hakuna gogo lako lililotupwa. Kila moja liko pale, limesogea tu, na kati yake yamo mengine mapya kwa kuwa hatua zimefupika na zimeongezeka. Chancelle ndiye aliyepigilia vigingi vyote, hakuamini mkono wa mtu. Mvua ikinyesha katikati ya juma aliomba ruhusa bironi akapanda, akarudi na matope hadi magotini, na Mama alimuuliza kama amekula.

Juzi tulisomesha misa yako. Tulipotoka kanisani tulidhani tunakwenda nyumbani, lakini Mama Léontine alishika njia ya mlima. Hakumuaga mtu. Michée alikimbia kumshika mkono, akafukuzwa. Chancelle alitembea nyuma yake, na kwenye ngazi aliangalia miguu ile miwili tu, gogo baada ya gogo, kana kwamba akipepesa macho itakosea. Haikukosea. Akina mama waliokuwa wanateremka walisogea kumpisha. Walishuka na mizigo yao katikati ya njia, hawakuangalia chini.

Kule juu mvua ilikuwa imetoka kupita. Ziwa lilikuwa lote pale, na ng'ambo milima ya Tanzania, kama ulivyokuwa unasema. Chancelle hakujua afanye nini na mikono yake. Alikuwa keshaona mahali pengine ambapo maji yataingia, akaomba jembe. Sisi wengine tulimtazama Mama, tukingoja alie, na vitambaa tulikuwa navyo tayari.

Mama hakulia. Alikasirika. Alitazama ng'ambo mpaka tukaanza kuogopa, kisha akasema na wewe, kwa sauti ile aliyokuwa anaitumia ulipochelewa kula:

"Éliézer, ungenipima weye mwenyewe, tungekuwa tunakuya wote wawili."

Michée alituomba tusiliandike hilo hapa. Mama alisema tuliandike, na tuliandike hivyohivyo, bila kulilainisha.

Tunaokukumbuka ni mke wako Mama Léontine. Wanao Michée na Chancelle. Mkwe na wajukuu wa Kabalo. Bertin na watembezi wote wa Jumamosi. Na Séraphine, ambaye mkono wake umepona. Hakuna siku utakayosahaulika kwetu, Papa, na Jumamosi Mama anapanda tena.